Mkanda wa Mulin

Jibu lilikuwa fupi, nami sikulitoa. Ijumaa ile jioni Shefu Wilondja, msimamizi wa kazi zote za misheni, alisimama mlangoni pa depo, kofia mkononi, akaniambia niutoe mkanda wa mulin, mashine ambayo akina mama walisagia muhogo wao, niufunge kwenye tondezi. Tondezi ndivyo tulivyoiita ile mashine ya kukata majani ambayo mtu huikalia kama trekta dogo. "We njo responsable," alisema, kwa kuwa vifaa vyote vilikuwa chini yangu. "Kesho saa sita avioni inashuka. Batu balitupa hii mashini, bako ndani. Unataka bakute tunafyeka kiwanja na mapanga kama zamani?" Ningeweza kumwambia hapana, Shefu, mkanda wa mulin haufai kwa tondezi, utaumiza mtu. Nilijua haufai. Nilikuwa nimefundishwa miezi michache tu nyuma, na aliyenifundisha ndiye ambaye angekalia mashine ile kesho yake. Nikasema, "Sawa, Shefu." Akavaa kofia yake akaenda zake, na mimi nikaanza kutafuta spana.

Ninaandika haya kwa sababu Asukulu amekufa. Sikuletewa habari hiyo na mtu. Niliisikia sokoni hapa Baraka, nikiwa nimesimama mbele ya kijilima cha ndakala, wale dagaa wa ziwa letu, ninangoja zamu yangu. Mama muuzaji alikuwa akizungumza na mwenzake: "Ule muzee wa Mboko, wa mguu mufupi, balimuzika jana." Mwenzake akauliza yupi, naye akajibu, "Ule alikuwaka anatengeneza bamulin. Asukulu." Kisha akanigeukia mimi. "Papa, nikupimie ngapi?" Nilimwambia za mtu mmoja. Nimekuwa nikisema hivyo kwa miaka mingi, na kila mara muuzaji huongeza kidogo bila kuulizwa. Nilirudi kwenye chumba changu, nikaweka samaki juu ya meza, sikuwapika. Nilikaa nikihesabu nyakati nilizopita Mboko ndani ya gari nikienda Uvira na kurudi, kofia imevutwa hadi machoni, nikijifanya nimesinzia, ilhali dereva anapiga honi kuwafukuza mbuzi barabarani na mimi ninajua kwamba moja ya nyumba zile ni yake.

Misheni ile ilikuwa milimani, kwenye njia ya kupanda kwenda Fizi. Ilikuwa na kanisa, kituo cha afya, shule, na kiwanja kidogo cha ndege kilicholala juu ya mgongo wa kilima kama mkeka uliotandikwa mahali pasipoutosha. Upande wa chini kiliishia kwenye shamba la muhogo. Upande wa juu kiliishia ghafla, kwenye korongo. Nilifika pale nikiwa na miaka ishirini na mitatu na diploma yangu ya sekondari ndani ya bahasha ya kaki, nikapewa cheo: responsable wa vifaa. Asukulu alikuwa amefanya kazi hapo miaka sita kabla yangu. Hakuwa na karatasi yoyote. Alijua injini ya mulin kwa sauti, alijua jenereta kwa harufu, na tondezi alikuwa ameifungua na kuifunga yote tangu siku iliposhushwa kutoka kwenye lori. Lakini cheo kilihitaji karatasi, basi yeye akawa dereva wa tondezi na mimi nikawa mkubwa wake. Siku ya kwanza alinitazama, akaitazama na bahasha. "Sawa, Diplome," alisema, "karibu. Kitanda yako ni ile ya karibu na dirisha. Mvua ikinyesha inaingiaka pale." Tangu siku hiyo hakuniita jina langu, Elia, ila mara chache. Mimi nilimwita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa kuwa alinizidi miaka saba na kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine ya kumwita.

Tuliishi chumba kimoja nyuma ya depo. Kilikuwa na vitanda viwili vya mbao, msumari mmoja mmoja wa kutundikia nguo, taa ya mafuta, na harufu ya mazutu, yaani dizeli, ambayo haikutoka hata kwenye mkate. Sahani ilikuwa moja, ya bati, kubwa, rangi ya samawati, ukingo wake umebanduka. Asukulu ndiye aliyepika. Alisonga bugali akiwa amechuchumaa, sufuria ameibana kwa vidole vya miguu juu ya kitambaa, kisha anaigeuza kwenye sahani, sombe, yaani kisamvu, pembeni, na ndakala wakiwepo anawaweka upande wangu bila kusema neno. Siku ya kwanza nilitafuta sahani yangu. Akacheka hadi akakohoa. "Bugali ya muntu mumoja haina utamu," alisema. "Nawa mikono."

Ukuta wa chumba chetu ndio uliokuwa ukuta wa mulin. Akina mama walipanga mabeseni yao upande wa pili, wakingoja injini iwashwe, na maneno yao yote yalitufikia. Ndipo nilipojifunza nani amegombana na nani, na nani anaringa bure. Tondezi ilikuwa mchezo wao mkubwa. Mama Nyota, ambaye sauti yake ilipita hata ngurumo ya injini, aliwahi kuuliza, "Ile mashini inakulaka nini?" Mwingine akajibu, akimaanisha petroli, "Essence." "Essence? Mbuzi yangu inakata majani bure, na inazaa!" Asukulu aligonga ukuta kwa ngumi. "Mama Nyota! Mbuzi yako iko na pedali?" Wakacheka pande zote mbili za ukuta. Nikifikiri leo juu ya furaha, huwa haiji sura ya harusi yangu wala ya watoto wangu. Huja kelele ile, na vumbi la unga likipenya kwenye nyufa na kutua juu ya blanketi.

Masika yalipoanza, majani ya kiwanja yakawa yanaota kana kwamba yanakimbizwa, na tondezi ikaanza kuugua. Kwenye mteremko injini ilinguruma lakini magurudumu yakapumzika. Ilipiga kelele kali kama ya nguruwe, kisha ikanuka mpira uliochomeka. Nilikuwa nimesoma kitabu cha ufundi, nikasema bila kuinama kwamba mkanda umekwisha, ubadilishwe. Tulikuwa nao mmoja tu wa akiba. Asukulu alikaa chini kwenye majani. "Diplome, kuruwa ni shahidi," alisema. Kuruwa ndiyo neno letu la mkanda wa mashine. "Inaonaka yote. Unataka kupiga shahidi, mwizi akimbie?" Tukaiinua mashine juu ya magogo mawili, tukalala chini yake bega kwa bega. Akanionyesha kwanza resori, ile chemchemi inayovuta mkanda ukaze. Akaivuta kwa kidole, ikarudi vizuri. "Huyu si yeye." Akaugeuza mkanda ubavu mmoja baada ya mwingine. Ubavu wa kushoto ulikuwa umelainika na kung'aa kama sahani iliyolambwa, wa kulia ulikuwa bado na ukavu wake. "Inaungua upande moja. Juu ya nini?" Sikujua. Akazungusha puli moja baada ya nyingine, yaani magurudumu madogo ambamo mkanda hupita, na ya tatu ikakataa kuzunguka. Beringi yake ilikuwa imekauka, ikawa inasimama huku mkanda ukisugua juu yake. "Mwizi njo huyu," alisema, akacheka kwa furaha ya kweli, kama aliyemkamata mtu. Tukaifungua, tukaiosha kwa mazutu, tukaitia grisi. Mkanda ule ule mzee ukatufanyia kazi miezi mitatu zaidi.

Siku hiyo hiyo, tukiwa bado tumelala chini, nilimuuliza kwa nini tusitumie mikanda ya mulin, kwa kuwa ilikuwa na upana ule ule na Baraka ilipatikana dukani. Kisha akanishika mkono, akanipitisha kidole juu ya mkanda wa tondezi. "Unasikia? Iko na nguo inje." Ulikuwa umevikwa kitambaa kigumu. "Ukikanyaga pedali, kuruwa inalegea. Hii, juu ya nguo, inateleza, puli inazunguka yenyewe, mashini inasimama. Ile ya mulin ni mpira mutupu. Mulin haina pedali. Ile kuruwa inajuaka kukamata tu. Ukiifunga hapa, siku utataka kusimama, itakukatalia." Hakulisema kama onyo. Alilisema kama mtu anayeeleza tabia ya ndugu yake. Nililielewa kabisa. Sitaki msomaji anihurumie kwa kudhani nilikuwa mjinga.

Mkanda wa akiba nao ukafika mwisho wake, kwa uzee tu, siku ya Jumatano ya wiki ile ya wageni. Ulikatika vipande viwili katikati ya kiwanja. Mwingine ulikuwa umeagizwa, ungetoka mbali, haukuwa umefika. Asukulu hakuwepo kuona. Mke wake, aliyekaa Mboko, alikuwa amejifungua, naye alipewa ruhusa ya siku tatu kwenda kumwona mtoto. Kama angekuwepo, nadhani tungekwenda pamoja kwa Shefu, na yeye angesema lile neno nisiloweza kulisema, na mimi ningetikisa kichwa nyuma yake. Nilikuwa mtu wa namna hiyo, mwenye kutikisa kichwa nyuma ya wengine.

Ukweli ni kwamba tondezi haikuhitajika hata kidogo. Kesho ya Ijumaa ile ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo, kazi ya wote. Asubuhi ya salongo hapasagwi, hapauzwi, hapafunguliwi duka hadi saa sita. Kila nyumba hutoa watu wenye majembe na mapanga kusafisha njia na mifereji. Kijiji kizima kingekuwa pale pale kando ya kiwanja. Kingeyamaliza majani yale kwa muda wa kunywa chai. Lakini wageni walikuwa ndio waliochanga wakatununulia mashine, na Shefu alitaka waione ikitembea. Na salongo hiyo hiyo ndiyo iliyomwonyesha njia: mulin haitasaga asubuhi, basi mkanda wake utakuwa umelala bure, uutoe Ijumaa, uurudishe Jumamosi saa sita kabla ya akina mama kuja na mabeseni, na hakuna atakayejua.

Beseni la mwisho lilipoondoka, niliufungua. Ulikuwa mweupe wote kwa unga. Niliupangusa kwa kitambaa chenye essence, nikaona umekuwa mweusi, nikaridhika. Urefu ulikaribia kuwa sawa. Nililegeza boliti mbili, nikausukuma ukaingia. Kisha nikawasha mashine uani, nikatia gia, nikaenda hatua kumi, nikakanyaga pedali. Magurudumu hayakusimama. Yaliendelea polepole, kwa kuvutavuta, kama ng'ombe ambaye umemwachia kamba naye bado anakuja. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili. Breki ikauma, injini ikaguna, mashine ikasimama karibu na ukuta. Nilikaa juu yake kitambo. Nilijiambia kwamba mkanda ukipata joto utalegea. Hakuna kitabu kilichoniambia hivyo, wala Asukulu. Nilijitungia.

Asukulu alifika asubuhi na mapema, ameshuka kwenye lori la muhogo, nguo zimejaa vumbi, na mkononi mikebuka watatu, samaki wa kukausha waliofungwa kwa kamba ya mgomba. "Ni mutoto mwanamuke," alisema kabla ya kunisalimu. "Tulimuita Riziki. Mama yake alisema samaki hizi ni za baba mudogo. Ni we huyo, usiangalie nyuma. Mwezi ya kuya tutashuka wote, utamubeba." Nikampongeza. Nilifurahi kwa kweli, na huku nikiwa nimefurahi aliiona tondezi uani. "Kuruwa umeipata wapi?"

"Ilibakiaka moja nyuma ya kabati."

"Nyuma ya kabati! Mi nilitafuta pale mara mbili." Akanipiga begani. "Diplome, macho yako ni mazuri kuliko yangu."

Alipanda, akatia gia, na mashine ikaruka kidogo mbele. Akanigeukia. "Leo inauma."

"Ni mpya, yaya," nilisema.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia akiwa na miguu miwili mizima. Akateremka hadi upande wa chini wa kiwanja, kwenye muhogo, akaanza kupanda. Watu wa salongo walikuwa kando ya njia, wameinama na majembe, na Mama Nyota akamwona. "Eeh, baba ya Riziki! Umesahau kunyoa, unakuja kunyoa kilima!" Naye akainua mkono kama askofu. Mashine ilivuta vizuri kuliko siku zote. Nyuma yake majani yalilala mstari mzuri mrefu, nami nikiwa kwenye ngazi ya depo nilimwona Shefu akitabasamu. Pale juu, kiwanja kinapoisha, nafasi ni nyembamba; dereva husimama, anatia gia ya nyuma, ndipo anageuka. Nilimwona anasimamisha mgongo, jinsi mtu afanyavyo anapokanyaga kwa nguvu. Nikaona mkono wake ukiuacha usukani, unatafuta ufunguo. Gurudumu la mbele lilikuwa tayari halipo juu ya ardhi.

Tulipofika, mashine ilikuwa imelala ubavu chini kwenye mawe, imezimika, na mguu wake wa kulia ulikuwa chini yake hadi gotini. Hakulia. Alikuwa chali, kichwa kimeingia nusu chini ya tumbo la mashine, anatazama juu, ndani, mahali pale pale tulipolala pamoja tukimtafuta mwizi. Alitazama kwa utulivu ulionishangaza. Kisha akageuza macho, akanitazama mimi. Nilifikiri ni maumivu. Wanaume wakainua chuma, wakakata miti miwili, wakafunga vitenge vya akina mama wakapata tshipoyi ya kumbeba, na wote wakapanda naye kwenda kituo cha afya, wakiimba ule wimbo wa kubebea wagonjwa ili hatua zilingane. Nilisikia wimbo ukipungua. Mimi nilibaki. Wote walidhani ninalinda mashine. Nilitoa spana mfukoni, nikalegeza boliti mbili, nikaufungua mkanda, nikauficha ndani ya shati, nikakimbia hadi mulin.

Saa sita akina mama walikuja na mabeseni, wananong'ona kuhusu Asukulu, na mulin ikawaka. Mkanda ule ulisaga muhogo mchana huo huo. Majani yaliyobaki watu wa salongo walikuwa wameyamaliza kwa mapanga, na avioni ilishuka salama. Wageni walihuzunika sana juu ya ajali, wakapiga picha za kanisa. Jioni waliandaliwa chakula, na bugali yao ilitokana na unga uliosagwa siku hiyo. Nami nilikuwa mezani, kwa sababu ya cheo changu. Nilikula.

Jumatatu Shefu alikwenda kumwuliza. Mimi nilibaki nje, kwenye baraza la kituo cha afya, chini ya dirisha, nikisikia kila neno. "Asukulu, ilikuwa nini? Ulikawia kukanyaga?" Nilisikia kijiko kikigonga kikombe, pengine muuguzi akikoroga dawa. Kisha sauti yake, ya chini: "Muulize responsable. Yeye njo alifunga mashini." Shefu akatoka, akanikuta. Hakuna mtu mwingine aliyejua mambo ya mkanda ila sisi wawili. Hakunitisha, wala hakuniahidi kitu. Ningependa leo kuandika kwamba alinitisha. Aliniuliza tu, kwa upole, "Utaandika nini?" Na mimi, mwenye diploma, niliandika ripoti ya ukurasa mmoja kwa Kifaransa kizuri, kwamba vifaa vyote vilikuwa katika hali njema na dereva alichelewa kukanyaga pedali. Shefu aliisoma mara mbili, akasema Kifaransa changu ni safi. Kwa ripoti ile Asukulu aliachishwa kazi kwa uzembe, kabla mfupa wake haujaunga.

Alilala pale miezi miwili. Nilikwenda kumwona mara moja. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani aliyekuwa ametoka nje. Mguu ulikuwa umefungwa kwa mbao, na ilikwisha kuonekana kwamba utabaki mfupi. Aliniuliza habari za jenereta. Nikamwambia. Aliniuliza kama mvua bado inaingia dirishani. Nikasema bado. "Na sasa unakula na nani?"

"Peke yangu, yaya."

"Njo nilikuambiaka. Bugali ya muntu mumoja." Akaacha neno hapo, akanitazama, na akangoja. Alikuwa ananifungulia mlango, nami niliuona uko wazi. Mbele ya kitanda kile palikuwa na nafasi ya sentensi moja tu. Nikamwambia kwamba mvua mwaka huu ni nyingi sana. Akageuza uso ukutani. "Ndiyo," alisema, "ni mingi." Siku lori lilipompeleka Mboko nilikuwa nimejipa kazi Fizi, nikarudi nikakuta kitanda chake kimetandikwa na ile sahani ya samawati imeachwa katikati ya chumba, safi, imefunikwa.

Niliishi chumba kile mwaka mwingine mzima. Ukuta uliendelea kuleta maneno ya akina mama, lakini ngumi ya Asukulu haikuugonga tena. Nikapandishwa cheo. Nikaoa. Vita vikaja, tukavuka ziwa, tukarudi. Mke wangu akafa bila kuujua mkanda ule, na nadhani alikufa akijua kwamba kuna chumba ndani yangu ambacho hakuwahi kuonyeshwa. Watoto wako mbali. Baraka imejaa pikipiki, na Mboko si safari tena: unaondoka asubuhi, kabla jua halijapanda sana umefika.

Nilifika matangani siku ya tatu baada ya kusikia. Palikuwa na turubai, viti vya kukodi, wanaume wakicheza karata kimya kimya, wanawake jikoni. Mwanamke mmoja mwenye mvi alinijia, akaniuliza natoka wapi na jina langu nani. "Elia," nilisema. "Tulifanya kazi pamoja misheni." Alisimama na beseni mkononi. Kisha akaliweka chini, akaenda ndani, akaniletea kiti ambacho hakikuwa cha kukodi. Kilikuwa cha mbao, cha nyumbani.

"Karibu, baba mudogo," alisema. "Mi ni Riziki."

Aliniletea bugali na mikebuka, akakaa mbele yangu juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Baba alituachia neno juu yako. Si leo. Zamani, tukiwa batoto. Alisema, Elia akikuya, mumupe kiti, mumupe bugali, musimuulize kitu. Atasema yeye mwenyewe."

"Kusema nini?" nilimuuliza. Hata pale, mzee mwenye meno ya kuhesabika, bado nilikuwa natafuta pa kujificha.

"Ile kuruwa ilikuwa na unga," alisema Riziki. "Alilala chini ya mashini akaona unga mweupe mu bubavu ya kuruwa. Alikuwaka anatuchekesha nayo: mashini gani ya majani inakulaka muhogo?"

Basi nilikuwa nimeupangusa uso wa mkanda tu, na kwenye mikunjo unga ulibaki. Asukulu alijua tangu dakika ile. Alijua Shefu alipomwuliza, akanipa mimi nafasi ya kujibu. Alijua aliponiuliza ninakula na nani. "Hakuwa na kasirani?" nilisema.

"Alikuwa nayo, ya mwanzo. Mama alisemaka ilikuwa mukubwa. Kisha ikaisha, mi nilikuwa bado mudogo. Alikuwa anasema, Elia iko tu Baraka pale, siku moja atapanda pikipiki, atakuya." Alitazama sahani yangu. "Kula, itapoa."

Nikamwambia yote, kutoka kwa Shefu mlangoni hadi ripoti ya Kifaransa. Alisikiliza akiwa ameshika tama, hakunikatiza. Nilipomaliza aliinua kichwa, akasema, "Sawa, baba mudogo. Lakini mi si yeye." Akaitwa jikoni, akaenda. Nilimaliza bugali peke yangu kwenye kiti kile.

Mkanda wa mulin ulimgharimu Asukulu mguu wake na kazi yake. Mimi nilibaki na miguu yangu, na cheo changu, na Kifaransa changu safi. Mimi ulinigharimu rafiki pekee niliyekuwa naye duniani, aliyekwisha kunisamehe, aliyekaa umbali wa asubuhi moja akiningoja miaka yote hiyo. Sikwenda, naye amekufa.